Mahema Yaliyorudi na Chumvi

Karakana ilikuwa na cherehani nne, mafundi watatu na dirisha moja lililogoma kufunguka. Fundi mkuu aliitwa Sindano, na usidhani jina hilo lilitokana na kazi peke yake. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na ukimgusa vibaya alikuchoma. Kwa miaka kumi na tisa alishona na kutia viraka mahema ya makampuni yanayopeleka wageni kwenye hifadhi za taifa, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulala ndani ya hema wala kukanyaga hifadhi yoyote. Hata getini hakuwahi kufika.

Lakini ole wako umwambie hazijui. Hema likiletwa, kazi ya kwanza ni kulikung'uta juu ya shuka jeupe, maana mchanga ukiingia kwenye cherehani ni msiba wa wiki nzima. Wenzake walikung'uta huku wakipiga soga. Sindano alikung'uta, akachuchumaa, akatazama. Vumbi jekundu laini, hilo limetoka kwenye nyanda za nyasi fupi ambako hakuna kivuli. Tope jeusi lenye harufu ya kuoza, hilo la kinamasi. Nyuzi za kijani zilizonasa kwenye kamba zilitoka kwenye msitu wa mlimani, kule miti inakoota ndevu. Mbegu zenye miiba zilitoka kwenye nyasi ndefu, na unga mweupe unaong'aa ulitoka kwenye ziwa la chumvi.

"Watu wanasema mbuga, mbuga, kama vile zote ni uwanja mmoja wa majani na simba katikati," alikuwa akiwaambia wenzake. "Hii mnayoiita mbuga ni mlima. Na hii hapa ni bwawa tupu."

"Sawa, profesa," walimjibu, wakaendelea na soga zao.

Basi naye akajifunza kunyamaza. Alichokijua kilibaki kwenye shuka, na shuka lilikung'utwa nje kila jioni.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama yake kwenye vyumba viwili. Mama alikuwa amefagia ofisi ya bima kwa muda mrefu wa maisha yake, na kwenye ukuta wa ofisi ile kulikuwa na kalenda ya hifadhi za taifa, picha kumi na mbili. Meneja alimruhusu kugeuza ukurasa kila tarehe mosi, na mwaka ulipokwisha akampa kalenda yote. Mama aliipigilia ukutani juu ya kitanda chake na hakuitoa tena. Katika nyumba ile hifadhi hazikuitwa kwa majina yake. Ziliitwa kwa miezi. Mwezi wa pili ulikuwa mlima wenye msitu, mwezi wa tano ziwa la chumvi lenye ndege wa rangi ya waridi, mwezi wa tisa zile nyanda nyekundu. Sasa macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu na miguu yake ilivimba hata kwenda bafuni ilikuwa safari. Kalenda alikuwa akiipapasa tu.

Sindano ndiye aliyemwogesha, aliyempaka mafuta miguuni, aliyejua kidonge gani kabla ya chakula na kipi baada. Ndiye aliyemlisha, aliyemfulia, aliyembadilishia shuka. Na aliyesubiriwa kwa hamu nyumba nzima alikuwa mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa mdogo wake wa kike wa kuzaliwa, mpishi wa kampuni ndogo ya wageni, kampuni yenye magari mawili na mahema kumi na mawili yanayotoka pamoja na kurudi pamoja. Mpishi alikaa upande wa pili wa mji na alikuja Jumapili, mara nyingi akiwa ametoka safari. Alikuja na vicheko vyake, na mikono mitupu, na ulimi mtamu. Hata kiatu hajavua, mama keshakaa kitako kitandani.

"Msafiri wangu! Umetoka mwezi wa ngapi?"

"Wa tisa, mama. Nimeona tembo wamejipaka udongo mpaka wamekuwa wekundu kama matofali."

Na mama angecheka mpaka machozi. Angeuliza hiki, angeuliza kile, angeshika mkono wa mpishi na kuusugua kama anatafuta vumbi la huko. Sindano angekuwa jikoni, anaosha bakuli lile lile kwa mara ya tatu.

Tusizungukezunguke: ulikuwa wivu. Wivu hasa. Hakuionea wivu safari, au tuseme si safari peke yake. Aliuonea wivu ule uso wa mama. Uso ule ulikuwa mmoja kwa siku sita, umekunjamana na kutii, unafungua mdomo ukiambiwa fungua. Jumapili ulikuwa mwingine. Sindano hakuwahi kuutoa uso ule hata siku moja, na mikono yake ndiyo iliyouosha kila asubuhi.

Siku za katikati ya wiki mpishi alikuwa na tabia ya kupita karakanani. Tabia hiyo aliianza karibu mwaka mmoja nyuma. Angekaa juu ya marobota ya turubai, akining'iniza miguu.

"Hema hili limetoka wapi, dada?"

Na Sindano, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, angesahau wivu wake wote kwa nusu saa. Angemwonyesha. Angemwambia hili limetoka mlimani, angalia, ukungu wa kule unaloanisha upindo mpaka uzi unavimba kwenye matundu ya sindano, ndiyo maana hema la mlimani halivuji kwenye mshono, linavuja kwenye kitambaa. Mdogo wake angetikisa kichwa na kusema, "Dada, wewe una mambo." Sindano angefurahi siku nzima na kujilaumu kwa kufurahi.

Ikaja Jumapili moja. Mpishi aliingia, akambusu mama, akasema ametoka mwezi wa pili, yaani mlimani, wamerudi jana tu. Sindano alikuwa jikoni na bakuli lake.

"Baridi huko, mwanangu?"

"Baridi ya kukata masikio. Na ukungu, mama, haukauki. Unaloanisha upindo wa hema mpaka uzi unavimba kwenye matundu ya sindano."

Bakuli likatulia mkononi.

Mpishi ana habari gani na upindo? Mpishi angesema kuni zilikuwa mbichi, moshi ulimtoa machozi, chumvi iliganda kwenye kopo. Huyu hajawahi kushika uzi tangu shuleni, alipompa dada yake amshonee sketi ya mtihani wa ushonaji. Sindano aliyajua maneno yale. Aliyasema yeye, miezi miwili iliyopita, amesimama kwenye shuka lake. Sasa yalikuwa chumbani kwa mama, yamevaa sauti ya mtu mwingine, na mama alikuwa anasema, "Ala! Uzi unavimba! Nyinyi mnaona mambo!"

Jumatatu asubuhi mahema ya kampuni ile yaliletwa karakanani, yote kumi na mawili, kila moja na kipande chake cha kitambaa cha buluu pembeni. Sindano hakumngoja mtu. Alitandika shuka, akalikung'uta la kwanza. Unga mweupe. La pili, unga mweupe. Kwenye zipu ulikuwa umeganda mpaka meno hayapitani, na katika mkunjo wa la tisa alikuta unyoya mdogo wa rangi ya waridi. Watu wengine wakisimulia hutia chumvi. Mdogo wake alikuwa ameiacha.

"Mlikuwa mlimani?" alimuuliza dereva aliyeyaleta.

"Mlimani tufuate nini? Ziwa la chumvi, siku sita. Midomo imenipasuka, ona."

"Na mpishi wenu je, aliona baridi?"

Dereva alimtazama. "Mpishi yupi? Yule mwanamama? Huyo yuko stoo mwaka sasa, anafungasha sufuria. Walileta mwingine mwenye cheti. Hukujua?"

Sindano hakujua. Na nitasema ukweli wake, kwa kuwa hata yeye hakujificha: kitu cha kwanza kilichompata si huruma. Ilikuwa furaha. Alijisikia mwepesi mwili mzima. Alitia viraka siku hiyo akiimba kwa pua, wenzake wakaulizana kama kuna posa. Chumvi aliikusanya kwenye karatasi, akaikunja, akaitia kwenye pochi.

Jumapili iliyofuata alimwogesha mama mapema na yeye mwenyewe akavaa hereni. Mpishi alifika kwenye saa tisa. Safari hii alikuwa anatoka mwezi wa tisa. Alikuwa katikati ya tembo wake wakati Sindano alipotoka jikoni, akasimama katikati ya chumba.

"Hebu ngoja kidogo. Mama, nipe mkono."

Mama akautoa. Sindano akafungua karatasi, akamimina kidogo kwenye kiganja.

"Onja."

Mama akagusa kwa ncha ya ulimi. "Chumvi."

"Chumvi ya mwezi wa tano. Imetoka kwenye mahema ya kampuni yake, wiki ile ile aliyokwambia alikuwa mlimani anatetemeka. Hajaenda popote, mama. Mwaka mzima hajaenda popote. Yuko stoo anafungasha sufuria. Na yale yote anayokusimulia ameyatoa kwangu. Maneno yangu! Amekaa juu ya turubai zangu, ameyachota, amekuja kukuuzia!"

Alikuwa anapaza sauti. Hakukusudia kupaza sauti. Mpishi alibaki amekaa pembeni ya kitanda, mikono mapajani, na ule ulimi wote mtamu haukumsaidia.

"Ni kweli?" mama aliuliza.

"Ni kweli, mama."

"Kwa nini?"

"Nije na nini?" Mpishi hakumtazama mama, alimtazama dada yake. "Wewe una dawa zake. Una miguu yake, una uji wake, kila kitu hapa ndani kinakuita wewe. Siku moja nilitaka kumpaka mafuta ukaninyang'anya chupa, ukasema nakosea. Mimi nilikuwa na safari tu. Walipoziondoa, ningeingia humu kama nani?"

Sindano alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu saba. Lakini mama alikuwa anasugua vidole vyake, anaisikiliza ile chumvi.

"Hii umeitoa wapi hasa?"

"Kwenye zipu," alisema Sindano. "Inaganda kwenye meno."

"Na huwa unatoa nini kingine?"

"Vitu vingi."

"Kama vipi?"

"Vumbi. Tope. Zile nyuzi za miti. Mara moja nilitoa yai la mjusi, limekauka."

"Miaka yote hii?"

"Kumi na tisa."

Uso ule wa Jumapili ulikuwa umekwishaondoka, na wa siku nyingine haukuja.

"Kila jioni ukiingia nakuuliza, kazi imekuwaje mwanangu? Unanijibuje?"

Sindano alikunja ile karatasi ya chumvi.

"Unanijibu, kazi ni kazi. Halafu unaniambia nifungue mdomo." Mama alijifuta kiganja kwenye kanga. "Huyu amenidanganya. Sawa, amenidanganya, nimekasirika. Lakini wewe ulikuwa na habari zote hizo, mwanangu, ukaninyima."

Mpishi aliondoka bila chai. Jumapili iliyofuata hakuja, na ile iliyofuata pia.

Mtu angedhani Sindano sasa amepata alichotaka. Uwanja ulikuwa wake peke yake. Jumatano ya kwanza alirudi nyumbani amejipanga kabisa, akavuta kiti mpaka kitandani.

"Mama, leo nilipata hema la nyanda nyekundu. Lilikuwa na vumbi."

"Enhe?"

"Vumbi jekundu. Zipu mbili zimekufa. Na nguzo moja imepinda."

"Enhe."

"Nimetia viraka vitatu."

Mama aliitikia kwa adabu, ile adabu inayoudhi kuliko tusi, na kidogo kidogo akasinzia. Sindano akabaki amekaa na viraka vyake vitatu. Alijaribu tena Ijumaa, akajaribu Jumatatu. Aliyajua yote na hakuweza kuyasema. Kila alichokishika kilitoka mdomoni kama risiti ya karakana. Hakuweza kuweka tembo mahali pasipo na tembo. Kile kilichokuwa cha mdogo wake hakikuwa safari, wala maneno hayakutosha kukiiba, na hilo lilimuuma upya, mahali papya.

Wiki ya tatu mama aliacha kuipapasa kalenda. Alikula alichopewa, akafungua mdomo alipoambiwa, akageukia ukuta. Sindano alimtazama mgongo siku mbili. Siku ya tatu aliomba ruhusa karakanani, akaenda hadi kwenye stoo ya kampuni ile.

Alimkuta mdogo wake ameinama juu ya kreti, anafunga sufuria kwa magazeti ili zisigongane njiani. Alikuwa amepungua. Aliinua kichwa, akakirudisha chini.

"Umekuja kunicheka?"

"Mama hasemi," alisema Sindano.

"Msemeshe wewe. Si una maneno yako?"

"Nimemsemesha. Analala."

Mpishi alijaribu kuzuia, akashindwa, akacheka kwa pua. Sindano angeweza kumpiga na mfuniko. Badala yake alikaa juu ya kreti.

"Jana tumeletewa mahema mapya," alisema, akiangalia ukuta. "Si ya kampuni yenu. Yametoka kwenye ile hifadhi mpya ya vilima vya mchanga, haimo kwenye kalenda. Mchanga wake si kama mwingine. Ni mviringo, punje kwa punje, ukiumimina unavuma. Nimeumimina mara tano nisikie. Na turubai lote limekwanguliwa upande mmoja tu, upande wa upepo, limekuwa laini mpaka unaona mwanga. Jumapili umwambie."

"Atajua naongopa."

"Anajua tayari."

Mpishi aliacha kufunga sufuria. "Na wewe utakaa jikoni unanunanuna?"

"Mimi nitakaa ninapotaka. Usichelewe."

Hakuchelewa. Jumapili saa tisa alikuwa mlangoni, anasita, viatu mkononi. Mama alisikia nyayo, akabaki amegeukia ukuta. Mpishi akakaa pembeni ya kitanda, kisha akaanza, bila kusema alikwenda wala hakwenda. Alianza na mchanga. Alisema unapopanda kilima unasikia chini ya miguu mlio, kama mtu anakoroma ndani ya ardhi, na watu wote wanasimama wakidhani ni mwenzao. Alisema mzee mmoja mgeni alivua soksi akaziangalia. Alisema upepo unapiga upande mmoja tu, mchana kutwa, mpaka ukilala ndani ya hema unaona kivuli cha mbawakawa anapita nje, miguu yote sita.

Sindano alikuwa mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo. Hakuwa amemwambia habari ya mbawakawa. Hakuwa amemwambia soksi. Na wivu ulimpanda palepale, mbichi kama wa siku ya kwanza, maana ilikuwa nzuri, ilikuwa nzuri kuliko alivyoitoa yeye, na mama alikuwa amegeuka kutoka ukutani.

"Sasa huko," mama aliuliza, sauti kavu kwa kukaa bila kutumika, "hema linasimamaje? Kigingi kinashika nini kwenye mchanga?"

Mpishi alifungua mdomo. Alitafuta. Safari zake za kweli zote hazikuwahi kufika kwenye mchanga, na hilo dada yake hakumwambia. Alianza, "Pale, mama, pale wana..." akakwama, na uso wa mama ukaanza kujifunga tena.

"Hakishiki," alisema Sindano.

Wote wawili wakageuka.

"Kigingi hakishiki, mama. Unajaza mchanga kwenye mfuko, unafunga kamba kwenye shingo ya mfuko, unaufukia chini, urefu wa mkono. Upepo ukivuta, mfuko unazidi kuzama. Nyumba nzima imening'inia kwenye mifuko ya mchanga. Ukiugusa mchanga asubuhi, juu unaunguza na chini bado ni baridi." Alishangazwa na sauti yake mwenyewe.

Mama alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Macho yake yenye ukungu yalitafuta mlango, yakaupata.

"Kumbe na wewe ulikuwepo?"

Mpishi aliinamisha uso. Sindano alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili. Miaka kumi na tisa alikuwa hajasema neno moja lisilokuwepo kwenye shuka.

"Nilikuwepo, mama," alisema.

"Basi njoo ukae. Mtu hasimulii akiwa mlangoni."